Kadi ya uhusiano isigeuke turufu

Rasimu yangu ya kwanza ya kadi za kufundishia saikolojia ya uhusiano ilikuwa na kadi 40, kila moja na neno zito juu na maana yake chini. Niliwapa marafiki wazijaribu. Walizisoma, wakaitikia kwa kichwa, wakaziweka mezani. Muda mfupi baadaye niliwauliza wamekumbuka nini, wakabaki kutazamana.

Mfungamano, yaani kifungo cha kihisia kati ya mtu na yule anayemtegemea, hauonyeshwi kwa kidole kama kiti. Lakini mlango unaonyeshwa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewatazama watoto na mama zao nchini Uganda katika miaka ya 1950 kabla ya kuendelea na kazi hiyo Baltimore, Marekani, alibuni jaribio ambamo mama anatoka chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Kilichomfunulia mengi hakikuwa kilio cha mtoto mama anapotoka. Ni pale anaporudi: kuna mtoto anayemkimbilia na kutulia, anayegeuza uso kana kwamba hajamwona, na anayetaka kubebwa huku akimsukuma. Kwa hiyo kadi yangu ya mfungamano sasa ina mlango ulio wazi nusu na swali moja tu: "Umpendaye amerudi baada ya siku kadhaa. Jambo la kwanza unalofanya ni lipi?" Neno la kitaalamu liko nyuma, kwa herufi ndogo, na husomwa mwisho kabisa. Likitangulia, watu hulijadili neno na kujisahau wenyewe.

Kadi nilizozitupa zote ni zile za aina za watu. Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver waliyapeleka mawazo haya kwenye mapenzi ya watu wazima, na leo majina kama "mkwepaji", anayeukimbia ukaribu, na "mwenye wasiwasi", anayeogopa kuachwa, yako midomoni mwa wengi. Utafiti wenyewe nauheshimu. Ila ukiliweka jina la aina kwenye karata, umempa mtu turufu. Nilimwona mke akichomoa kadi ya mkwepaji na kuiweka mbele ya mumewe: "Huyu ni wewe." Mume hakusema neno tena jioni ile. Alikuwa ameshahukumiwa, angejifunza nini? Tangu siku hiyo mchezo una sheria moja nisiyoilegeza: kadi unajiwekea mwenyewe. Ya mwenzako huigusi hata kama una hakika.

Ukimya wa yule mume ndio ulionifanya nitengeneze kadi ninazozipenda kuliko zote. Wanasaikolojia John Gottman na Robert Levenson waliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa katikati ya mazungumzo ya ugomvi wao, na Gottman anaeleza kwamba mtu aliyekaa kimya kama ukuta mara nyingi moyo wake unakwenda mbio, mwili umezidiwa. Anayemtazama anaona dharau. Kwa Kiswahili tuna bahati, maana tunatofautisha mambo haya kwa maneno ya kila siku. Anayenuna anataka uone kwamba amekasirika. Anayesusa anakataa ulichompa ili umbembeleze. Aliyezidiwa hataki chochote kwa wakati huo, anatafuta pumzi. Nimechora kadi tatu zenye picha ileile, mtu ameketi akiangalia ukuta, na chini yake sentensi tatu tofauti za kile kinachopita moyoni mwake. Wachezaji hukaa sana kwenye hizi tatu. Kuna aliyesema kwamba miaka yote alidhani anasuswa.

Kuhusu michoro, nyuso nimeziacha bila macho wala mdomo, na rangi ni mbili tu. Uso unaocheka au kulia humpa mchezaji jibu kabla hajajiuliza.

Iliyobaki ni kadi ya kinyongo, na hii imenisumbua kwa wiki nyingi. Kununa kuna sura, kinyongo hakina. Mwenye nacho anaweza kukupokea vizuri na kukuuliza habari za safari. Kwa sasa najaribu kukigawa katika kadi nne za jambo lilelile dogo, sahani iliyoachwa bila kuoshwa: siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwaka wa kwanza, mwaka wa tano. Sahani haibadiliki. Ninachoandika upya kila mara ni ile sentensi ya chini, na ya mwaka wa tano bado haijanikaa sawa.