Grosz, Tingatinga na nani anatoa hela

Wabongo wenzangu tukishafika Ulaya huwa tunaanza kusema eti wazungu ndo wenye sanaa inayobeba historia yao, sisi kwetu ni twiga na tembo tu za kuuzia watalii. Mi naishi Berlin na siku hizi nikisikia hivyo nabisha. Zote zinabeba historia, ila ukitaka kuiona uliza kwanza mchoraji alikuwa anamchorea nani na hela ilikuwa inatoka mfuko upi.

Chukua George Grosz, mchoraji wa Kijerumani. Kuna picha yake ya 1926 iko hapa makumbusho ya Neue Nationalgalerie, wakubwa wa mji wamepangwa humo, mwandishi wa habari kavaa poti la mtoto kichwani, mwanasiasa fuvu liko wazi na ndani ni mavi yanafuka moshi, mwingine kashika bia na kwenye tai ana alama ya Wanazi, na hapo bado miaka saba Hitler ashike nchi! Watu walikuwa wametoka vitani wameshindwa, 1923 hela yao ikawa makaratasi, mkate unauzwa kwa mabilioni, afu wakubwa wanaendelea kunywa. Grosz anawachorea Wajerumani wenzake makusudi wakasirike na kweli walikasirika, alishapelekwa mahakamani kwa kukashifu dini, na mwanzoni mwa 1933 akahamia Marekani.

Ila msidhani Wajerumani walichora kila kitu. 1905 kule Dresden wanafunzi wa usanifu majengo, kina Kirchner, walianzisha kundi la Die Brücke, walichoshwa na uchoraji wa kistaarabu wa wazee wao na wakawa wanaenda makumbusho kuangalia vinyago vya Afrika na Pasifiki, wakachukua humo ile mistari mikali na rangi zisizoomba ruhusa. Hiyo ilikuwa Juni. Julai mwaka huohuo kwetu kusini Wamatumbi wanang'oa pamba ya Mjerumani, vita ya Majimaji imeanza. Nimezunguka sana Brücke-Museum, makumbusho ya kundi hilo, na sijawahi kuona picha yao hata moja inayogusa hilo. Vinyago wanavipenda kweli, ila Waafrika Ujerumani inawapiga risasi na kuwachomea chakula na wao wako bize na mabinti wanaoogelea ziwani. Baadaye na wao yakawakuta, Wanazi wakaziita picha zao uchafu, za Kirchner peke yake zaidi ya 600 zikatolewa kwenye makumbusho.

Sasa njoo Dar. Edward Saidi Tingatinga katoka Tunduru, kusini hukohuko Majimaji ilikopita, kafanya kazi kwenye mkonge Tanga, kaja mjini kama vijana wengi wa kusini waliokuwa wanatafuta riziki. 1968 hivi anaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli maana ndo iliyopo na bei anaiweza, picha zinauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Kwa nini Oysterbay na sio Manzese? Kwa sababu mabalozi na wataalamu wa kigeni wanakaa huko. Yaani nchi mpya, siasa ya kujitegemea inahubiriwa redioni, na kijana wa Tunduru anajitegemea kwa kumuuzia mzungu chui! Mi nikiuangalia ule mchoro naiona Dar yote ya wakati ule. 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni jambazi, akafa, ndugu na wanafunzi wake wakaendelea.

Na Wamakonde vilevile. Ile nguzo ya mpingo yenye watu wamebebana walianza kuichonga kabla ya Azimio la Arusha la 1967, siasa ikaja ikaikuta, ikaitwa ujamaa, na serikali ikaipenda.

Kwa hiyo tofauti ninayoiona sio kwamba wenzetu wana kina na sisi hatuna. Mjerumani alinunua, alitukana, alishitaki, aligombana na wachoraji wake. Sisi wetu tuliwaachia wageni wawapangie, mgeni akitaka twiga wanachora twiga, akitaka tembo mbele ya Kilimanjaro anapewa, afu tunageuka kuwalaumu eti wanarudia rudia. Hivi we ulishawahi kununua hata moja? Nikirudi likizo naingia nyumba za maana Mbezi Beach, tiles zinang'aa, tivii inchi 65, ukutani kuna ile picha ya maporomoko ya maji yenye taa ndani, ya kuchomeka kwenye umeme, imetoka China kupitia Kariakoo. Mwenye nyumba ana hela kuliko wale mabalozi wa 1968 na anakuambia kabisa Tingatinga ni vitu vya wazungu.