Treni au Teksi Kutoka Uwanja wa Ndege: Hesabu Tunayoiachia Nusu

Tangu Serikali ilipoanza kuutaja mpango wa reli ya kisasa ya kutoka Tanga hadi Arusha na Musoma, yenye urefu wa kilomita 1,028, mazungumzo ya mabarazani hapa Tanga yamezaa hoja ndogo ndani ya ile kubwa: kwa nini reli hiyo isipitishwe jirani na uwanja wa ndege, ili mgeni akishuka kwenye ndege apande behewa na kuteremka katikati ya mji? Wanaoishikilia hoja hii hutoa mifano ya miji ya mbali, na wengi wao huimalizia kwa kusema kuwa mji usio na treni ya uwanja wa ndege umeachwa nyuma, na kwamba foleni ya teksi mlangoni pa uwanja ndiyo dalili yenyewe ya kuachwa huko. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo inajadilika. Ya pili inamwonea mwenye teksi, na haki yake haijasemwa vya kutosha.

Mtu wa Tanga haihitaji sababu ya kuipenda treni. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mji wenyewe ulikua ukiielekea stesheni na bandari. Kisha treni ya abiria ikafa. Iliporudi, Desemba 2019, ilikuwa inatoka Dar es Salaam kwenda Moshi, na baadaye Arusha, ikipita Korogwe bila kuugusa mji ambao njia hiyo ilianzia. Kwa hiyo anayesema "treni" barazani hapa anasema pia jambo ambalo bado linamuuma, na si ajabu teksi ikihukumiwa kabla haijasikilizwa.

Hoja za upande wa treni ni nzito, na hazipaswi kupunguzwa. Ya kwanza ni uhakika wa muda. Afrika Kusini, treni ya Gautrain iliyofunguliwa Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, hutoka uwanja wa OR Tambo na kufika Sandton kwa takriban robo saa, iwe barabara imefunga au haijafunga. Anayeijua barabara ya Nyerere pale Dar es Salaam saa za jioni anaelewa thamani ya jambo hilo, kwani hata baada ya daraja la juu la Mfugale kufunguliwa pale TAZARA mwaka 2018, ndege kutua kwa wakati si kufika mjini kwa wakati. Ya pili ni bei: nauli ya treni imeandikwa, haiulizi umetoka nchi gani wala umevaa nini, na mwanamke aliyefika peke yake hahitaji kumsoma dereva usoni kabla ya kuingia. Ya tatu ni wingi, kwa kuwa behewa moja hubeba watu ambao vinginevyo wangeijaza barabara kwa magari madogo na hewa kwa moshi. Msafiri kijana mwenye begi moja la mgongoni, anayefika mchana na kwenda katikati ya mji mkubwa, hana sababu yoyote ya kukodi gari pale treni ilipo.

Tatizo ni kwamba hoja zote tatu hupimwa kutoka stesheni hadi stesheni, na hakuna anayelala stesheni. Treni ya Heathrow Express, iliyoanza mwaka 1998, hufika Paddington kwa dakika 15, lakini Paddington iko upande wa magharibi wa London, na abiria wengi wakishuka pale ndipo safari yao ya pili inapoanza, mabegi mkononi. Treni ya sumaku ya Shanghai hukata kilomita 30 kwa dakika chache, kisha humwacha abiria katika kituo cha Longyang Road, ambako inambidi atafute treni nyingine ya kumwingiza mjini. Kwetu sisi jambo hili liko wazi zaidi. Mtu wa Tanga anayetua uwanja wa Julius Nyerere mara nyingi hana shughuli katikati ya Dar es Salaam; anataka basi la nyumbani, na tangu mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Mbezi Luis. Hata kama uwanja ule ungekuwa na treni ya kwenda Stesheni, ingempeleka upande asioutaka, kisha arudi njia nyingine kuitafuta Mbezi. Kwa sasa SGR yenyewe, reli ya kisasa ya kutoka Dar es Salaam, hupita jirani na uwanja, lakini kituo chake cha kwanza baada ya mjini ni Pugu, baada ya kuupita uwanja. Teksi ndiyo inayokwenda Mbezi, au Tandika kwa shangazi, au Muhimbili, bila kumlazimisha abiria aupitie mji mzima.

Lakini kinachonikera zaidi ni hesabu ya nauli, maana ndiyo inayotajwa kwa uhakika mkubwa na kufanywa nusu kila mara. Tuchukue Paris, kwa sababu bei zake zimewekwa bayana kwa pande zote mbili. Mwaka 2025, tiketi ya treni kutoka uwanja wa Charles de Gaulle kuingia mjini ilikuwa euro 13. Teksi kutoka uwanja huohuo hadi sehemu za mji zilizo ukingo wa kulia wa mto ilikuwa na bei moja iliyowekwa kisheria, euro 56. Mtu husoma 13, akasoma 56, akafunga mjadala: teksi ni ghali zaidi ya mara nne. Ni kweli, kwa mtu mmoja. Treni huuza kiti na teksi huuza gari. Wakiwa wawili, treni ni 26, watatu, 39, watu wazima wanne, 52. Ile tofauti ya euro 43 iliyomtisha msafiri wa peke yake imeyeyuka na kubaki euro nne kwa watu wanne, sawa na euro moja kwa kila mtu, na kwa euro hiyo moja wanachukuliwa mlangoni na kushushwa mlangoni. Haki itendeke: tiketi ile ya euro 13 humruhusu abiria kuendelea na treni za chini ya ardhi za mjini, kwa hiyo haishii stesheni ya kwanza. Hata hivyo inamtaka ashuke ngazi, apande ngazi na kubadili njia, na mwenye masanduku mawili na mtoto aliyelala begani anajua ngazi hizo zina bei yake, ingawa haikuandikwa kwenye tiketi.

Sasa iletwe hesabu hiyo Tanga, tuulize ni nani hapa anayesafiri peke yake. Kijana wa kazi, ndiyo, na mtaalamu aliyekuja kwa shughuli za bomba la mafuta kule Chongoleani. Lakini safari ya ndege kwa familia nyingi za hapa ni jambo la ukoo. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa hafuatani na mtu mmoja. Anayerudi kutoka Maka hupokewa na watoto, wajukuu na jirani aliyeomba aje kuonana naye mapema, na mizigo yake si ya mtu wa kupanda behewa: begi kubwa la magurudumu ambalo gurudumu moja limekwisha kufa, boksi la zawadi lililozungushwa gundi na kamba juu yake, na dumu la zamzam ambalo hakuna anayekubali lilazwe. Dereva mzoefu halazimiki kuambiwa. Atauliza tu, "Hajati, dumu likae mbele na wewe?", atalibana baina ya kiti na mlango, begi lenye gurudumu bovu litaingia kwanza kwenye buti, boksi juu yake, na buti likikataa kufunga atakuwa na kipande cha mpira cha kulifungia. Sijui treni gani duniani ina mhudumu wa namna hiyo kwa kila abiria, na sioni kwa nini kazi hii ihesabiwe kuwa ya kizamani kwa sababu tu hufanywa kwa mkono.

Saa za usiku nazo zisahaulike kwa nani? Gautrain yenyewe, tunayoisifu kwa haki, hulala. Ndege kadhaa za kimataifa hutua Dar es Salaam usiku wa manane au alfajiri, na hapo aliyeko mlangoni ni mwenye teksi.

Upo pia upande wa fedha za umma, ambao wapenzi wa reli huupita haraka. Treni ya uwanja wa ndege ni mradi mkubwa unaokula fedha hata siku ambayo haina abiria. Toronto ilipoanzisha yake Juni 2015 iliweka nauli ya dola 27.50 za Kanada, watu wakaikwepa, na Machi 2016 ikabidi ishushwe hadi dola 12 ndipo mabehewa yakaanza kujaa. Delhi ilifungua njia yake Februari 2011, ikaifunga Julai 2012 kwa hitilafu za kiufundi, ikaifungua tena Januari 2013, na mwaka huohuo kampuni binafsi iliyokuwa ikiiendesha ikajitoa na kuiachia metro ya mji. Abuja, ambayo ni mfano wa karibu zaidi na hali yetu, ilipata treni ya uwanja wa ndege Julai 2018. Ikasimama mwaka 2020, na haikurudi kubeba abiria hadi Mei 2024. Miaka yote hiyo wasafiri wa Abuja walifika mjini, na aliyewafikisha hakuhitaji mkopo wa Serikali. Teksi isipopata abiria hasara ni ya mwenyewe. Sisemi hilo ni jema kwake. Nasema liingizwe kwenye mizani tunapomwita mzigo.

Na uwanja wa Tanga wenyewe uko kilomita chache tu kutoka mjini, umbali ambao bajaji humaliza kabla maongezi hayajanoga. Ndege nyingi zinazotua hapo ni ndogo, za abiria dazeni moja hivi. Bajaji hubeba watatu, kwa hiyo ndege nzima huingia kwenye bajaji nne, mizigo ikiruhusu. Hata ukiupanua uwanja ndege kubwa zitue, hata bandari iliyoongezewa kina ikileta wageni mara kadhaa ya wa sasa, stesheni yetu iko upande wa bandari, na mgeni anayekwenda Raskazone, Sahare au Barabara ya Kumi na Mbili Ngamiani atatoka hapo na kuita bajaji ileile ambayo angeipanda uwanjani.

Kosa la teksi lipo, na ni kubwa, lakini si lile linalosemwa. Kosa ni bei isiyojulikana mpaka mtu aulizwe anakwenda wapi, na wakati mwingine mpaka aangaliwe viatu. Mgeni hutozwa ugeni wake, na mwenyeji aliyechoka hutozwa uchovu wake. Wengi walidhani programu za simu za kuita teksi zingelimaliza jambo hili, na kwa kiasi zimelipunguza, maana bei huonekana kabla ya safari. Hata hivyo bei hiyo hupanda mahitaji yakizidi, na mvutano wa kamisheni haukukawia: Aprili 2022 Uber ilisitisha huduma zake nchini baada ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, kushusha kiwango ambacho kampuni huruhusiwa kumkata dereva, na ikarudi Januari 2023 kiwango kilipopandishwa. Dereva akikatwa sana hujazia kwa njia zake, kwa mfano kumwomba abiria afute safari kwenye simu walipane mkononi, na hapo tumerudi kwenye kupatana bei kulekule.

Miji iliyolitatua vizuri zaidi haikuwaondoa madereva, iliandika bei. Paris iliweka bei moja za viwanja vyake vya ndege mwaka 2016. New York ina bei moja baina ya uwanja wa JFK na Manhattan, dola 70 tangu Desemba 2022, bila kuhesabu tozo za ziada, na abiria huijua kabla hajagusa kitasa cha mlango. Miji yote miwili ina treni pia, na teksi haikufa kwa sababu ya treni wala treni kwa sababu ya teksi. Hivyo Dar es Salaam, ambayo ina watu wa kutosha na foleni ya kutosha, nakubali kabisa kwamba inastahili kituo cha reli kinachofikika kwa miguu kutoka jengo la abiria. Kwa Tanga kinachostahili kwanza ni ubao wa nauli.

Pingamizi la madereva dhidi ya ubao huo ni la haki: mafuta hayana bei moja mwaka mzima, na bei iliyoandikwa Januari inaweza kuwa ya hasara ifikapo Juni. Lakini EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na Tanga imo. Nauli ya uwanja wa ndege inaweza kufungwa na tangazo hilohilo: petroli ikivuka kiwango fulani, nauli ipande kwa kiasi kilichokubaliwa kabla, ikishuka nayo ishuke, na kijiwe cha uwanjani kiwe na mwakilishi wake wakati kiasi hicho kinapopangwa, pamoja na LATRA na Halmashauri ya Jiji. Bajaji ziwe na safu yake na teksi safu yake, kwa sababu mwenye dumu la zamzam na mwenye begi la mgongoni si wateja wa chombo kimoja.