Brauza inakula prosesa, hasara nakula mimi

Hivi jamani nani alipitisha kwamba kusoma habari ya mistari minne kwenye intaneti kunataka nguvu za mashine ya kusaga? Maana mi hapa kwenye steshenari yangu Buza nikifungua tu brauza asubuhi, kabla hata sijaandika kitu, feni ya kompyuta inaanza kulia, mteja akiingia anaongea kwa kupaza sauti, na mi namjibu kwa kupaza sauti, wapita njia wanadhani tunagombania kiwanja, kumbe mtu anataka kopi mbili za kitambulisho.

Na sio kwamba kompyuta ni ya hovyo. Sawa ni mtumba, imekuja na kontena, lakini prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, ina kori nne bwana, yani kama vichwa vinne vya kufanya kazi. Enzi tunasoma kompyuta za ofisini zilikuwa na kori moja na watu wanalipwa mishahara. Leo kori nne zote zimeshikwa, prosesa asilimia 98, na ukiuliza nini kinafanyika jibu ni hakuna, nimefungua fomu tu, binti wa watu anaomba mkopo wa chuo. Sasa anaandika jina la baba. Anaandika Juma, ananyanyua kichwa, kwenye skrini hamna kitu. Anaandika tena Juma. Hamna. Mara herufi zote zinakuja kwa mkupuo, baba yake anaitwa JumaJuma. Akifuta, zinafutika mpaka na za jina lake mwenyewe. Binti ananiangalia, mi naangalia ukutani nilipobandika bei, sina la kusema.

Sasa ngoja nikuambie kitu kuhusu huu mji, kila mtu Dar ni fundi kompyuta mpaka umpe bisibisi. Wa kwanza kaja, hajakaa, hajaiwasha, amesimama mlangoni anatafuna muhogo, "Bro, hii inataka RAM." Namuuliza, sasa prosesa ndo imejaa, RAM, ile kumbukumbu ya muda, inaingiaje? Anasema "vinaendaga pamoja hivyo." Wa pili kasema tupige windo, yani tufute Windows tuiweke upya. Hawa wa kupiga windo mi nimewachoka, kwao kila ugonjwa dawa ni hiyo hiyo, kipanya kimekatika waya, piga windo, printa imeisha wino, piga windo, na akishapiga anakuachia mafaili ya wateja yote yamepotea halafu anakuomba ya nauli. Shemeji yangu naye kwenye simu, "nunua mpya shem, mbona saa hizi laki nane tu unapata nzuri." Mtu ana elfu ishirini yangu tangu msiba wa babu, leo ananitajia laki nane kwa kinywa kipana.

Wa maana alikuwa mzee mmoja wa redio pale njia panda, yeye hakusema neno, kafungua boksi, kapuliza. Lilitoka vumbi likamfuata muuza chipsi wa jirani mpaka kwenye kabati lake, akatutukana, lakini mzee alikuwa sahihi, prosesa ikizidiwa na joto inajipunguza kasi yenyewe isiungue, kwa hiyo kazi ile ile inachukua muda mrefu zaidi na feni inazidi kupiga kelele. Akabadilisha na ile pasta ya juu ya prosesa, ya zamani ilishakauka inapukutika. Joto likashuka kweli. Asilimia hazikushuka hata moja, ila mzee hakuwahi kusema zitashuka, na hela aliyochukua ilikuwa ya haki.

Basi nikabonyeza Ctrl na Shift na Esc ikaja ile Task Manager, orodha ya kila programu na inachokula, nikakuta jina la brauza limejipanga kutoka juu mpaka chini, moja, jingine, jingine, mi nimefungua moja! Dogo Side, mtoto wa dada yangu ananisaidiaga hapa ofisini, akasema "Anko hiyo imeingiwa na kirusi, imezaa." Tukahangaika na antivairasi hapo, bando limeenda, kirusi hamna. Kumbe ndo zilivyotengenezwa. Chrome ilipotoka 2008 ilikuja na mtindo wa kila ukurasa kupewa chumba chake, ukurasa mmoja ukifa usiue wenzie, na brauza nyingine kubwa nazo zikafuata. Wazo zuri, sikatai, zamani ukurasa mmoja ukiganda unapoteza kila kitu. Tatizo ni kwamba hiyo Task Manager inakuonyesha vyumba tu, nani kalala ndani haikuambii, majina yote sawa.

Aliyenifungua macho ni yule yule binti wa JumaJuma. Kachoka kusubiri, kasema "Kaka samahani, naweza?" akabonyeza Shift na Esc akiwa ndani ya brauza, basi. Ikatokea orodha nyingine, ya brauza yenyewe, kila ukurasa na jina lake na anakula asilimia ngapi. Kwenye Firefox unaandika about:processes pale juu, inakuja ya kwake. Yani miaka yote orodha ya walaji imo humo humo ndani, mi nahojiana na wala mihogo.

Ukibonyeza pale juu palipoandikwa CPU, yani prosesa, wanajipanga kwa ulafi. Na hapa ndo balaa lilipoanzia, maana nilidhani nitakuta vitu vya kompyuta, nikakuta ndugu zangu.

Wa kwanza, mkeka wa kubeti wa Side. Ameufungua tangu asubuhi, ameuficha nyuma ya faili la barua za mwenyekiti wa mtaa. Mechi zinachezwa huko nchi sijui gani ya baridi, odi zinapanda zinashuka, vishale vya kijani na vyekundu, kila namba ikibadilika ukurasa unapangwa upya na kuchorwa upya, na kwa kuwa zinabadilika muda wote, prosesa nayo haipumziki. Peke yake anakula kori nzima. "Anko, nimeweka mia tano tu." Mia tano yake, umeme wangu!

Wa pili akawa mama Nasra. Huyo ni mke wangu. Tamthilia yake. Akija kunibadilisha mchana anafungua, akiondoka hafungi, anasema nikifunga atapoteza alipoishia. Hii nayo nikafundishwa kitu, kwamba video za siku hizi zinakuja kwenye fomati mpya, VP9 na AV1, kompyuta za karibuni zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya picha ya kuzifungua, hizi mtumba zetu za zamani hazina, kwa hiyo prosesa inakaa yenyewe inafungua picha moja moja, na sekunde moja ina picha 25 mpaka 60. Hapo hata ukae unaipepea. Dawa mbili, moja unashusha ubora mpaka 360, nyingine kuna ekstensheni, kijiprogramu cha kuongezea kwenye brauza, inaitwa h264ify inaiambia YouTube ilete ile fomati ya zamani ya H.264 ambayo hata hizi mashine zetu zinaijua. Nikamweleza mama Nasra kuhusu 360. Akaniuliza, "Sasa vitenge walivyovaa nitavionaje?" Nikaweka h264ify. Kwenye ndoa usibishane na kitenge.

Wa tatu ni muuza chipsi. Matokeo ya mpira. Yeye hana hata kazi na mimi, anakuja na sahani, anaiweka mezani, anasema "niachie hapo niwe nachungulia," na ukurasa wenyewe umejaa matangazo ya video yanayojicheza bila kuombwa, yamezimwa sauti, pembeni huko, chini huko, yanakula tu. Huyu ni diplomasia. Nilishakula chipsi zake, na vumbi nilishampelekea.

Wa nne sasa. Wa nne hakuna aliyemkubali. Ekstensheni ya kutafutia punguzo la bei kwenye maduka ya Marekani! Hapa Buza! Nani ananunua viatu Ohio? Nikamuuliza Side, anaapa. Nikamuuliza mama Nasra, ananuna. Mwisho tukagundua iliingia siku ile mtu alipotafuta cha bure cha kubadilisha PDF kuwa Word, imekuja imeshikana mkono na hicho kingine, na ekstensheni za namna hii ukishazipa ruhusa zinasoma kila ukurasa unaofungua, kila mmoja, zinatafuta bei. Fomu ya mkopo, inatafuta bei. Cheti cha kuzaliwa cha mtu, inatafuta bei. Tangazo la tanzia la kuprinti, inachungulia humo kuna viatu? Niliifuta kwa hasira mpaka nikafuta na ile ya PDF, na sasa kuna mteja anataka Word yake simuelewi.

Na mnajua vyote hivyo vinaendeshwa na kitu kimoja, JavaScript. Lugha hiyo ya kuandikia programu, jamaa mmoja wa Netscape, kampuni ya brauza ya zamani, anaitwa Brendan Eich, aliiunda Mei 1995 kwa siku kumi. Siku kumi! Mi nina mlango wa choo fundi ana wiki ya pili ananiambia gundi haijakauka. Mwanzoni ilikuwa ya vijambo vidogo vidogo, kukagua kama umejaza namba ya simu, leo ndo inaendesha mkeka, ramani, tamthilia, matangazo, kila kitu, na kuna watu walishaigeuza mpaka mgodi. 2017 kilitoka kitu kinaitwa Coinhive, mwenye tovuti anaweka mistari miwili mitatu, we ukifungua ukurasa wake prosesa yako inaanza kumchimbia sarafu za Monero, hela za kidijitali. We unasoma habari za mafuriko, yeye anavuna. Februari 2018 wahuni wakaipenyeza kwenye Browsealoud, ile programu ya kuwasomea kurasa watu wenye shida ya kuona, tovuti zaidi ya 4,000 zilizokuwa zinaitumia zikawa zinachimba bila kujua, mojawapo ni ya ofisi ya Uingereza inayosimamia usalama wa taarifa za watu. Hiyo hiyo! Coinhive wenyewe wakafunga biashara Machi 2019. Nikamsimulia mama Nasra yote hayo nikidhani atashangaa, akauliza "kwa hiyo sisi hela zetu tunafuata wapi?"

Basi kikao kikakaa. Mi nilidhani narekebisha kompyuta, kumbe nasuluhisha ukoo. Mama Nasra kabaki na tamthilia, ila akiondoka anafunga, na ukurasa unakumbuka ulipoishia, nimemuonyesha, hajaamini mpaka sasa. Muuza chipsi nimemwekea kizuia matangazo, ukurasa wake umebaki na matokeo matupu, amefurahi, ameongeza yai. Kwenye setingi kuna kale kasehemu ka kuruhusu programu za brauza ziendelee nyuma hata ukishaifunga, ka mtu anajifanya ameaga kumbe yuko ukumbini, nimekazima. Notifikesheni za tovuti nimefuta zote, nilikuta hata moja ya mapishi ya Kituruki.

Fomu ya binti ikaingia, baba yake akarudi kuwa Juma mmoja, prosesa inacheza kwenye asilimia saba, nane, ikipanda sana kumi na mbili. Yule fundi wa RAM alipita jioni, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kujiamini kabisa, "Si nilikwambia? Umeongeza RAM." Nikamwambia ndio.

Aliyebaki na kinyongo ni Side. Nilimfungia mkeka saa nne asubuhi, timu yake ikafungwa dakika ya 88 jioni, na kwa hesabu zake ningeuacha wazi isingefungwa. Tangu hapo ananijibu kwa mkato, hela ya chai hajaomba, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu aje mjini, nikajua jambo limekuwa zito. Nimemshauri mkeka aufungue kwenye simu ya mamake, simu haina feni, haitampigia mtu kelele.