Bomba Jipya, Mama Mkwe na Mteremko wa Kadutu

Pikipiki yangu ya sentimita za ujazo 125 ilitoka kiwandani na bomba la moshi refu na zito, lenye kinga ya bati upande wa mguu wa abiria, na kwa miaka yote haikuwahi kumkosesha mtu usingizi. Niliporudi kutoka Uvira, nilikokuwa nimekwenda mazikoni, nililikuta bomba hilo limelazwa chini ya kitanda cha mpwa wangu, na mahali pake pamefungwa jingine fupi, linalong'aa, lisilo na kinga wala haya.

"Mjomba," aliniambia huku akilipangusa kwa ncha ya shati lake, "sasa injini inapumua."

Kupumua ilipumua kweli. Bomba lililo wazi zaidi hutoa moshi upesi, injini ikavuta hewa nyingi kuliko ilivyozoea, ilhali kabureta, chombo kinachochanganya hewa na esansi, yaani petroli, inaendelea kugawa mafuta kwa kipimo kilekile cha zamani, kwa kuwa hakuna aliyeiarifu. Mtu akifunga mkono wa gesi kwenye mteremko, mchanganyiko huo wenye mafuta machache unakosa kushika moto ndani ya silinda, unatoka mbichi, unalikuta bomba likiwa la moto, na ikiwa kuna hewa inayopenya kwenye kiungo cha bomba na injini, unalipukia humohumo. Katika mji wa tambarare mtu angeweza kuzeeka na kasoro hiyo bila kugombana na yeyote. Mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, umesimama juu ya vilima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, na hapa mtu akitoka nyumbani kwake, asipopanda anateremka.

Jumapili hiyo zamu ya kumpeleka mama mkwe kwenye misa, kutoka Kadutu hadi kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, ilikuwa yangu. Mpwa wangu alitangulia kwa miguu. Mama alikaa upande, mkoba mapajani, amevaa kitenge kipya cha rangi ya maziwa kilichopigwa pasi hadi mikunjo yake ikasimama. Tulipouanza mteremko nilifunga gesi, na bomba likatoa mlio wa kwanza. Wa pili ulimfanya muuza ndizi aache kuhesabu chenji. Wa tatu uliwalaza chini wanunuzi wote wa upande wa kushoto wa barabara, kwa maana katika mji uliopitia yote uliyoyapitia tangu vita vya 1996, mlio wa namna hiyo hauchunguzwi: watu hulala kwanza, wakaulizana baadaye.

"Mukwe," mama alisema nyuma ya sikio langu kwa sauti ya chini, "wanatupiga?"

"Hapana, mama. Ni sisi tunaopiga."

"Basi tuache."

Kuacha kulikuwa kugumu. Nikifungua gesi milio inakoma lakini kasi inaongezeka, nikiifunga kasi inapungua na vita vinaanza upya. Mama, ambaye katika maisha yake hajawahi kushindwa na kitu chenye magurudumu, aliamuru niizime kwa ufunguo, nami nikatii, kwani amri ya mama mkwe haina rufaa. Tukateremka kimya, gia ikiwa ndani, pistoni ikiendelea kuvuta esansi na kuisukuma mbichi kwenye bomba lile la moto, ambako ilijikusanya ikisubiri. Karibu na mtaa wa Nyawera barabara ilianza kupanda kidogo, nikalazimika kuurudisha ufunguo. Milio yote ya awali ilikuwa salamu tu. Askari wa barabarani, mtu mnene mwenye filimbi, alionekana akiwa nyuma ya beseni la nyanya, na mpaka leo sijui alifikaje pale bila kupita mahali popote.

Tulipokuwa ndani tunasali, nje kuliketi bunge. Mpwa wangu alikuwa amewakusanya waendesha pikipiki wote waliokuwa wakisubiri abiria, na mjadala wa kwanza ulihusu skrubu ndogo ya kabureta. Mmoja aliapa kwamba kuifungua kunaongeza mafuta, mwenzake akaapa kwamba kunaongeza hewa, wakashikana kola. Wote wawili walisema kweli: skrubu ikikaa upande wa injini, kuifungua huongeza mafuta; ikikaa upande wa kichujio cha hewa, huongeza hewa; na kila mmoja alikuwa akiieleza pikipiki yake mwenyewe. Kwa kushindwa kuafikiana juu ya skrubu, walikubaliana kubadilisha kile kipande kikuu cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta. Kilichoandikwa 95, namba ya ukubwa wa tundu, kikatolewa, kikawekwa cha 115, kilichokuja ndani ya boksi la bomba jipya.

Safari ya kurudi ilianza kwa utulivu uliomfurahisha mama. Katikati ya mpando, nilipofungua gesi hadi mwisho, injini ilikohoa, ikatoa wingu jeusi, ikazimika. Vijana walijitolea kutusukuma. Mama alishuka akasimama nyuma, mahali alipoona pana usalama, akiwaelekeza wasukumaji kwa mkoba wake. Niliweka gia ya pili, nikaachia klachi, na pikipiki ikawaka kwa kishindo kimoja kilichotema masizi yote ya safari. Nilipogeuka, kitenge cha rangi ya maziwa kilikuwa na madoa meusi kuanzia magotini hadi kwenye pindo, na mama alikuwa akiyatazama bila kusema neno, jambo lililonitisha kuliko askari.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi mmoja mzee. Aliifungua buji, plagi inayowasha mafuta ndani ya silinda, ikawa nyeusi tititi kwa mafuta kuzidi. Kisha alimwuliza mpwa wangu alikojifunzia.

"Kwenye video, mzee. Jamaa mmoja anayeishi ufukweni mwa bahari."

"Ziwa letu peke yake liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tuko juu ya ziwa," fundi alimjibu. "Hewa ya huku ni nyepesi. Kipimo cha pwani huku ni mafuriko ya mafuta. Halafu tundu hilo kubwa linafanya kazi gesi ikifunguliwa zaidi ya robo tatu. Kwenye mteremko liko likizo."

Alionyesha kwa ukucha alama ya masizi kwenye kiungo cha bomba: gasketi ya zamani, pete ya kuziba kiungo, iliyokwisha kubanwa ikawa bapa, ilikuwa imerudishwa, na hewa ilikuwa ikiingia hapo itakavyo. Aliweka mpya, akarudisha kipande cha 95, akashusha kibanio cha sindano ya kabureta pengo moja ili sindano yenyewe ipande na kupitisha mafuta zaidi, kisha akaifunga skrubu taratibu hadi ilipogusa, akaifungua mzunguko mmoja na nusu, na akamalizia kwa sikio, robo kwa robo, mpaka injini ikatulia. Tulipoitoa buji baada ya kupanda na kushuka, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Malipo yake yalikuwa ya kiungwana. Kitenge ni suala jingine, kwani mama mkwe alikwenda sokoni Kadutu mwenyewe, kwa miguu, akachagua cha Uholanzi, na mpwa wangu sasa anatafuta mtu wa kununua bomba.