Nyumba ya Murumbi ilibomolewa, ya Donovan ikabaki: mkusanyiko wa mtu ukae wapi?

Watu wengi sana wa Nairobi wameshawahi kumngoja mtu pale nje ya Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyo Moi Avenue, na hawajawahi kuingia ndani. Ukiingia tu, pale chini, unapokelewa na mkusanyiko wa Joseph Murumbi: vinyago kutoka Afrika Magharibi, vitambaa, mapambo, silaha za kitamaduni, vigoda, na zaidi ya hapo kuna vitabu vyake vya zamani, zaidi ya 8,000 vya kabla ya mwaka 1900, na stempu za posta ambazo wakusanyaji wa stempu wanaziheshimu sana. Sasa chenye kinaniuma ni kwamba hivi vitu havikupangiwa kukaa hapo. Vilipangiwa kubaki Muthaiga, nyumbani kwake.

Kwa wenye hawamjui, Murumbi alizaliwa Eldama Ravine 1911, baba Mgoa mama Mmaasai, akasomea India, akapigania uhuru akiwa London, akawa waziri wa mambo ya nje halafu makamu wa rais 1966 na hakumaliza hata mwaka kwa hicho kiti. Kukusanya alianza toka enzi za London. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaiuzia serikali vitu pamoja na nyumba, na wanunuzi wa nje walikuwepo lakini yeye alitaka mali ibaki Kenya, na makubaliano yalikuwa ile nyumba iwe taasisi ya masomo ya Afrika, watafiti waje wasome pale pale. Hiyo taasisi haikuwahi kuanza. Vitu vikaletwa mjini, nyumba ikaachwa hivyo hivyo, baadaye ikabomolewa na ardhi ikagawanywa ploti. Murumbi alikuwa bado hai, alifariki 1990. Na wakati huo nyumba ya Karen Blixen, mzungu wa mashamba ya kahawa, ilikuwa imefunguliwa kama makumbusho toka 1986. Sisemi ile ya Blixen haikufaa kutunzwa, ilifaa kabisa, lakini makamu wa rais wetu mwenyewe tulishindwa kumtunzia yake.

Kuna wenye wanasema haina shida, nyumba ni mawe tu, muhimu ni vitu na vitu viko salama. Mimi hapo sikubali. Mtu akikusanya maisha yake yote, ule mpangilio nao ni kazi yake, kwamba kinyago cha Nigeria amekiweka karibu na mlango wa Lamu, kwamba vitabu vya wasafiri wa zamani vya kuhusu Afrika amevipanga mkono wa kushoto wa meza aliyokuwa akiandikia barua, hayo yote yanakwambia alikuwa anafikiria nini. Ukishavibeba kwa lori ukaviweka kwenye kabati za kioo na lebo ndogo, vitu unavyo lakini ile fikira imepotea, na hakuna mtu anaweza kuirudisha.

Lakini upande wa pili una nguvu kuliko vile watu wa turathi huwa wanakubali. Muthaiga ni wapi? Ni mtaa wa mageti na mabalozi. Mwanafunzi wa Kayole au mama anayeuza nguo Gikomba angeenda huko na matatu gani, akafika getini akasema anataka kuona nini? Archives iko katikati ya mji, kiingilio ni kidogo, shule za msingi zinaingia na sare zao, na mtu amekuja tu mjini kwa shughuli zake anaweza kupita akaona kiti cha mfalme wa mbali huko. Kwa hilo lile jengo, ambalo zamani lilikuwa benki, limemtendea Murumbi haki ambayo nyumba yake labda isingeweza.

Na kuna jambo lingine. Nyumba ya mkusanyaji inamsifu mkusanyaji. Ukiingia unasikia hadithi ya yeye, safari zake, jicho lake zuri, na fundi aliyechonga kile kitu, au kijiji kilichokiuza na kwa nini kilikiuza, anakuwa pembeni. Makumbusho ya umma angalau unaweza kuidai hiyo habari, nyumba ya mtu utaidai kwa nani.

Sasa linganisha na rafiki yake Murumbi, Alan Donovan, Mmarekani waliyeanzisha pamoja African Heritage miaka ya mwanzo ya 1970. Donovan alijenga nyumba yake ukingoni mwa mbuga ya Nairobi, upande wa Mombasa Road, akaichora kwa kufuata majengo ya udongo ya Mali na Nigeria, nyumba za Waswahili wa pwani na kadhalika, ndani ikajaa sanaa kutoka pande zote za bara. Ilipokuja reli ya SGR ikawa iko kwenye njia ya kubomolewa. Watu wakapiga kelele, na 2016 ikatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa turathi ya taifa. Donovan alikufa 2021 nyumba ikiwa imesimama.

Hapo ndipo mimi nasimama. Tofauti ya zile nyumba mbili si mapenzi ya wenyewe, wote wawili walipenda, na Murumbi ndiye alikuwa na cheo. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na ahadi na mwingine akapata sheria. Tuko na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, inaruhusu waziri kulitangaza jengo, na kazi hiyo ingekuwa inafanywa mwenye nyumba akiwa hai na kabla hati haijabadilisha jina, sio baada ya tingatinga kufika. Mkusanyaji akienda kutoa nyumba yake bila hiyo karatasi ya gazeti, mimi ningemshauri asitie sahihi.

Ila kuitangaza pia haitoshi. Nyumba ya udongo inataka kupakwa na kuzibwa kila mvua ikipita, wadudu wanakula mbao, vitambaa vinapauka kwa jua la dirishani, na tangazo la serikali halileti hata shilingi ya hiyo kazi. Kwa hivyo nyumba inalazimika kutafuta pesa kwa watalii, bei inapanda, na unarudi kwa lile swali la mama wa Gikomba. Mimi naona njia iko: nyumba ibaki na mpangilio wake, lakini vitu vingine viwe vinazungushwa, miezi kadhaa viko Nairobi Gallery pale zilikuwa ofisi za PC, yaani mkuu wa mkoa, ambako tayari kuna sehemu ya vitu vya Murumbi na mkewe Sheila, halafu vipelekwe hata Eldoret na Kisumu, na siku kadhaa kwa mwezi nyumba ifunguliwe kwa shule za umma bila malipo. Hiyo gharama ya basi na ya mlinzi wa ziada ndiyo inafaa iandikwe kwenye bajeti ya makumbusho ya taifa, na ndiyo sijaona mbunge yeyote akiisimamia.