Acheni kuhesabu sitapu, bebeni madumu

Nina mkanda mweusi wa Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, na mwaka niliohamia Dodoma niliaibishwa na dumu la maji.

Ilikuwa siku ya mgao huku Nkuhungu, foleni bombani, upepo wa Agosti umeshaanza kutupiga vumbi usoni. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja jirani, umri wa kunizaa. Akanisalimia "Mbukwenyi", akajitwisha dumu la lita 20 kichwani, akachuchumaa mgongo wima, akaokota la pili kwa mkono, akaondoka zake. Nikawa namtazama kwa nyuma. Kiuno hakikuyumba hata kidogo. Mimi nilibeba moja tu, mkono wa kulia, na kabla sijafika kona nilikuwa nimepinda kama mpapai uliozidiwa na matunda. Usiku ule mgongo ulinikamata upande wa kushoto, nikawa siwezi kujigeuza kitandani bila kushika chaga.

Na kipindi hicho napiga sitapu 300 kila siku! Tumbo limegawanyika vyumba vyumba. Ukiniona kwenye picha ungesema huyu jamaa chuma.

Tangu hapo nina ugomvi na namna tunavyojinoa kwenye dojo zetu nyingi, yaani kumbi za karate. Pushapu mpaka sakafu iloane jasho, halafu sitapu, halafu pushapu tena. Kila zoezi ni la upande wa mbele. Mgongo hatuuoni kwenye kioo, basi na kazi hatuupi. Wakati huohuo, tukipiga gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, sensei, yaani mwalimu, anafoka kuhusu mkono ambao hata haupigi: "Vuta! Rudisha kiunoni!" Misuli inayovuta mkono ule ni ile mipana ya mgongo, iliyojishikiza kwenye mfupa wa juu wa mkono, karibu na kwapa, ikashuka mpaka kiunoni. Nguvu ya pigo huanza kwenye unyayo, ikapanda nyonga, na ili ifike begani lazima ipite kwenye kiwiliwili. Pakiwa pamelegea hapo katikati, utapiga kwa mkono peke yake, na mkono peke yake hauna kitu.

Watu wanadhani kazi ya tumbo ni kukunja. Mimi nasema kazi yake kubwa kwa mpiganaji ni kukataa. Pingili 5 za kiunoni kila moja inazunguka nyuzi chache mno. Mzunguko wa ngumi na teke unatoka kwenye nyonga na mgongo wa juu, na kiuno kinatakiwa kisimame imara kuupitisha. Ndiyo maana kuna misuli ya ndani inayozunguka tumbo kama mkanda, ya ubavuni inayokaa mshazari, na mingine mifupi mno inayoshika pingili moja na mwenzake. Sitapu haiwafundishi hawa kukataa chochote. Inamkunja mtu, inamkunjua, mara 300.

Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyepima migongo ya watu kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Waterloo, amelisema hili sana: kuukunja uti wa mgongo tena na tena ukiwa na mzigo kunazichosha diski. Ila kilichonivutia zaidi ni vipimo vyake kwa wapiganaji wa MMA, yaani mapigano ya mitindo mchanganyiko. Misuli ya kiwiliwili ilikaza pigo linapoanza, ikalegea katikati mwili upate kasi, kisha ikakaza tena pigo linapotua. Mkarateka yeyote akisoma hapo atatabasamu, maana hiyo ndiyo kime, kule kukaza mwili pigo linapotua, tunayoimbiwa toka mkanda mweupe.

Sensei wangu wa zamani, kule Dar es Salaam, alikuwa anapita nyuma yetu tukicheza Sanchin, mfululizo wa miondoko ya karate unaofanywa umekaza mwili, anatuchapa makofi ya mgongoni na chini ya kwapa. Miaka yote hiyo nilidhani anatukomaza. Kumbe mzee alikuwa anakagua, anatafuta palipolegea.

Na Okinawa, kisiwa cha Japani walikotoka wazee walioanzisha karate yetu, hapakuwa na jimu. Walinyanyua chi-ishi, yaani jiwe lenye mpini, na walitembea wameshika midomo ya mitungi kwa vidole. Chi-ishi yangu ni mpini wa jembe niliousimika kwenye kopo la lita mbili nikajaza zege lililobaki kwa fundi, kilo tano hivi. Ukiizungusha taratibu kichwani utajua kama una mgongo au una picha ya mgongo.

Dumu sasa nalibeba kwa makusudi. Mkono mmoja, kilo 20, mabega sawa, natembea kama vile sijabeba kitu, nikifika mwisho nabadilisha. Ubavu wa upande usio na mzigo ndio unaolia, na ndio uliokuwa umelala kwangu. Nalala kiubavu nimejiinua kwa kiwiko sekunde 10, napumzika, narudia. Napiga magoti na viganja chini, nanyoosha mkono wa huku na mguu wa kule, sekunde 10 vilevile. Linaonekana zoezi la wagonjwa mpaka ulifanye bila kiuno kucheza. Tyubu ya baiskeli nimeifunga kwenye mwarobaini wa uani, navuta mara mbili ya pushapu ninazopiga. Na nikitoka kitandani siinami kwa saa nzima ya kwanza, kwa sababu usiku diski hunyonya maji zikavimba, na kuzikunja asubuhi hiyo ni kuzionea. Hili la mwisho mke wangu anadai nimelibuni ili nisitandike kitanda.

Vijana wa dojo wananiambia sitapu zinajenga moyo. Labda. Lakini moyo huohuo unajengeka kwa kubeba, na anayebeba anarudi nyumbani na maji. Wengine wanaona haya kuonekana mtaani na madumu, eti kazi ya wanawake. Hao nawaambia wakapange foleni nyuma ya yule mama, kisha tuongee.

Kesho ni zamu yetu ya maji. Madumu ni sita, na mwanangu wa kwanza ameshaanza kulalamika tangu jioni kwamba mkono wake wa kushoto unamuuma.