Kivinjari Kikiwa Kizito, Usikimbilie Kupiga Windows

Jumamosi moja ya mwezi Novemba mama mdogo alinipigia simu saa mbili asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka na kuingia kwenye shida yenyewe: "Mwanangu, mashine imekuwa jiwe. Nina watu wanne hapa wanataka kutuma maombi ya kazi, ukurasa unazunguka tu."

Ana steshenari Sinza, Dar es Salaam. Kibanda kidogo, meza mbili, printa, mashine ya kutolea kopi na kompyuta moja aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Siku nane kabla ya simu hiyo fundi alikuwa amempandishia toleo, kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Sababu ya fundi ilikuwa ya kweli: Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama haifai kushika vyeti na namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) za watu. Toleo jipya likaingia, mafaili yakabaki mahali pake, printa ikakubali. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama Chrome, ndicho kilichoharibika. Ukurasa uliokuwa ukifunguka mteja akiwa bado anavuta kiti, sasa ulifunguka mteja akiwa ameshakwenda kunywa chai na kurudi.

Alimpigia fundi wake, naye hakuuliza swali hata moja. "Hiyo ni ya kupiga Windows upya, mama. Iletwe Kariakoo, jioni unaichukua."

Hapo ndipo ninapotaka kusema jambo, maana nimelisikia jibu hilo mara nyingi sana katika mji huu. Kompyuta ikiwa nzito, piga Windows, yaani ifute na kuiweka upya. Sauti haitoki, piga Windows. Kivinjari kinaganda, piga Windows. Kwa fundi ni kazi ya saa mbili isiyohitaji kufikiri, na mwishoni mashine hurudi ikiwa nyepesi kweli, kwa sababu imefutwa kila kitu. Mwenye mali anafurahi siku hiyo. Maumivu huanza wiki inayofuata, anapotafuta kitu na kukikosa.

Na naomba tufikirie kilichomo ndani ya kompyuta ya steshenari ya mtaani. Mama mdogo ana folda inayoitwa "WATEJA", nayo ni kama kabati la nyaraka la mtaa mzima. Kuna mikataba ya kupangisha vyumba. Kuna hati za mauziano ya viwanja vya Kibamba na Chanika, zilizochapwa hapo kisha zikapelekwa kugongwa muhuri. Kuna barua za kwenda serikali ya mtaa, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi, wasifu wa marehemu tuliowazika miaka ya nyuma, barua za kazi za vijana ambao sasa wana watoto. Watu hawa hawana kompyuta nyumbani. Wengi hawana hata nakala kwenye simu. Wanajua tu kwamba "ipo kwa mama pale". Fundi akisema "nitahifadhi mafaili yako", mara nyingi anamaanisha yaliyo kwenye skrini ya mbele na kwenye folda moja au mbili anazozifahamu. Mimi mwenyewe nilishapoteza hivyo picha zote za baba na ripoti ya chuo niliyokuwa nimebakiza sura moja kuimaliza. Nilimlipa mtu hela ili anipotezee. Kwa hiyo siku ile nilimwambia mama mdogo mashine isitoke kibandani, nikapanda daladala kutoka Tabata.

Jambo la kwanza nililofanya halikuhitaji ufundi. Alikuwa anatumia hotspoti ya simu yake, na alishaongeza bando mara mbili asubuhi hiyo akiamini kwamba mtandao ndio unaosumbua. Nikachukua simu ileile, nikafungua ukurasa uleule wa kuombea kazi. Ukafunguka mara moja. Jaribio hilo la nusu dakika lingemwokolea hela ya mabando mawili. Sisemi mtandao haukosei. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na nchi nzima ikaona. Lakini simu na kompyuta zikinywa kisima kimoja, na moja tu ndiyo inayolalamika kiu, basi kisima hakina kosa.

Kisha nikafungua kivinjari kingine kwenye kompyuta hiyohiyo. Nacho kilikuwa kizito vilevile. Kama kingekuwa chepesi, ningejua ugonjwa uko ndani ya kile cha kwanza, kwenye viendelezi vyake, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani yake, au akiba yake ya kurasa. Vyote viwili vikilemewa, tatizo liko chini yao, kwenye mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe, au kwenye vyuma.

Nikausogeza ukurasa juu na chini. Ulikuwa unashtuka, kama gari linalopita kwenye matuta. Nikajaribu video fupi, ikaja picha moja moja. Dalili hiyo ina maana yake. Kivinjari cha siku hizi hakichori ukurasa kwa prosesa, ubongo wa kompyuta, peke yake, kazi kubwa ya kuchora hukipa kifaa cha picha. Ili mfumo endeshi uongee na kifaa hicho unahitaji draiva yake, programu ndogo inayowaunganisha. Nikafungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, nikatazama sehemu ya Display adapters, na pale palipotakiwa kuwa na jina la kifaa chenyewe pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter". Hiyo ni draiva ya dharura. Inawasha skrini na kuonyesha maandishi, lakini haimpi kivinjari msaada wowote, kwa hiyo kila herufi, kila picha na kila fremu ya video inamwangukia prosesa. Kwenye Chrome unaweza kuhakikisha kwa kuandika chrome://gpu kwenye mstari wa anwani. Mistari mingi ikisema "Software only", ujue prosesa inabeba mizigo miwili.

Ilikuwaje draiva ikapotea? Mama mdogo alikumbuka kwamba fundi alipandisha toleo kwa flashi, intaneti ikiwa imezimwa ili bando lisiliwe. Ni nia njema kabisa, na mimi namwelewa mtu anayehurumia bando la mteja. Ila Windows hutafuta draiva nyingi mtandaoni, na hapo haikuwa na pa kuzitafuta. Draiva ya zamani haikuvuka, mpya haikuletwa, na hakuna aliyerudi kuangalia.

Nikaishusha kwa simu kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, nikaihamisha na kuiweka, nikawasha upya. Ukurasa ukaanza kuteleza. Yule kijana wa kwanza kwenye foleni, aliyekuwa amekaa tangu saa mbili akiwa na bahasha ya vyeti mapajani, alituma maombi yake saa tano kasoro.

Ningeweza kuishia hapo na kupewa soda, lakini mashine ilikuwa bado inapumua kwa shida kila ukurasa wa tatu au wa nne ulipofunguliwa. Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinailemea mashine, ikaonyesha diski iko asilimia 100, muda wote. Hilo nalo ni la kawaida baada ya kupandisha toleo, na ndilo linalowatisha watu bure. Siku za mwanzo Windows inakuwa na shughuli nyingi za chinichini: inajenga upya fahirisi ya kutafutia mafaili, kinga ya virusi inakagua, masasisho yanashushwa na kuwekwa. Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hutaona kitu. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk), yenye mkono mmoja wa kusomea unaokimbia huku na kule, kazi zote hizo zinasimama foleni moja na kivinjari chako. Mashine ikiachwa imewashwa usiku mmoja au miwili, sehemu kubwa ya fujo hiyo huisha yenyewe. Mama mdogo huizima kila anapofunga kibanda, na kila asubuhi ilianza kazi ileile pale ilipoiachia, wateja wakiwa mlangoni.

Tukakubaliana iachwe ikiwaka usiku huo. Nikaiambia Windows kwamba hotspoti ile ni muunganisho unaolipiwa kwa kipimo, ili ipunguze kushusha masasisho makubwa mchana wa kazi. Masasisho ya usalama sikuyafuta, kwa sababu ndiyo yaliyotupeleka toleo jipya. Tumeyapangia Jumapili usiku, kwa bando la usiku.

Ndani ya kivinjari chenyewe nilikuta viendelezi saba. Ukibonyeza Shift na Esc ukiwa kwenye Chrome, linafunguka dirisha linaloonyesha kila ukurasa na kila kiendelezi kinakula kumbukumbu kiasi gani. Viwili vya kubadili PDF vilikuwa vinafanya kazi ileile, na kimoja hakuna aliyejua kimetoka wapi. Vitano vikaondoka. Nikawasha pia kiokoa kumbukumbu, kinachozilaza kurasa usizozitazama. Chrome tangu ilipotoka mwaka 2008 hutenganisha kurasa kwenye michakato yake mbalimbali, ili moja ikianguka isiangushe zote. Ni usalama mzuri, ila bei yake ni RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na mashine hii ina GB 4 tu. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, wakati Windows 10 ya biti 64 iliridhika na GB 2. RAM ikijaa, mfumo hutumia diski kama kumbukumbu ya akiba, na tunarudi kwenye foleni ya ule mkono mmoja.

Kitu kimoja nilikifuta bila kusita: nywila zilizohifadhiwa. Zilikuwa za wateja, makumi kwa makumi, barua pepe na akaunti za maombi ya kazi na mikopo ya chuo. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile angeweza kuzisoma. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata bila sheria, mtu amekuamini na siri zake. Sasa wateja wanafunguliwa dirisha la mgeni, likifungwa linasahau.

Sasa turudi kwa fundi. Upo wakati wa kupiga Windows upya, na sitaki mtu anielewe vibaya. Mashine ikiwa imeshambuliwa na virusi, au mafaili ya mfumo yameharibika kiasi kwamba hata kuwaka ni kwa kubahatisha, piga, baada ya kuhifadhi kila kitu na mwenye mali akahakikisha kwa macho yake. Pia si aibu kurudi nyuma. Baada ya kupandisha toleo Windows hutunza toleo la zamani kwa siku 10, na unaweza kulirudia kutoka kwenye mipangilio bila kugusa mafaili. Fundi wetu alikuwa bado na siku mbili mkononi na hakuwahi kumwambia mteja wake. Tena Microsoft iliweka mpango wa kuendelea kupokea masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026 kwa wanaojiandikisha. Kwa mashine ya umri ule, ambayo prosesa yake haimo hata kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, hilo lilikuwa chaguo la heshima. Mteja alistahili kuambiwa yote mawili kabla ya flashi kuchomekwa.

Fundi alikuja mwenyewe Jumatatu, kwa kuwa mama mdogo hakupeleka mashine. Kijana mpole, wa miaka ishirini na kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, ila nilipomwonyesha lile jina la draiva ya dharura aliinama akalisoma mara mbili, akatoa simu na kulipiga picha. Akaniambia, "Kaka, mimi pale dukani nimefundishwa kupiga tu. Mteja anataka jioni, bosi anataka mashine tano nyingine kwa siku. Kuangalia hakuna anayekulipa."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo, kwa sababu lina ukweli unaotugusa sisi wateja. Tunalipa kwa furaha mtu akituonyesha skrini mpya inayong'aa. Akikaa saa nzima anasoma dalili kisha abadilishe kitu kimoja kidogo, tunauliza kwani amefanya nini. Mama mdogo alimlipa kwa kuangalia. Nilimwomba afanye hivyo, naye akakubali, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kijana yule kulipwa kwa kazi hiyo.

Baada ya wiki tatu alirudi na SSD iliyonunuliwa Kariakoo. Alihamisha diski nzima ya zamani kwenda kwenye mpya kama ilivyo, folda kwa folda, hakufuta kitu. Ilichukua mchana kutwa. Kabla hajafunga skrubu alimwita mama mdogo aje afungue "WATEJA" na kuhesabu.

Jumatano iliyofuata walikuja ndugu wawili kutoka nyumba ya nyuma, wanataka kisomo cha kumkumbuka baba yao na wamepoteza wasifu wake uliochapwa hapo 2021. Mama mdogo aliutafuta, akaufungua, akawageuzia skrini wausome. Kisha akauliza wanataka nakala ngapi.